Mchanga wa Newala, Jiwe la Masasi

Kisu cha jikoni hakikwaruzi kioo cha simu. Wanaolisikia hili kwa mara ya kwanza hubisha, na wabishi wakubwa ni wale ambao simu zao zimekwisha kuchakaa na mshtakiwa wanaye tayari: funguo za pikipiki, sarafu za mia mbili, au mtoto aliyeachiwa simu na kijiko. Lakini chuma cha kisu cha kawaida ni laini kuliko kioo cha simu ya leo. Ukikipitisha juu yake utaona mstari wa kijivu, na mstari huo ni chuma chenyewe kilichobaki juu ya kioo. Futa kwa kitambaa chenye maji, unaondoka. Mchanga ni habari nyingine. Chembe chache za barabara ya Newala zikinaswa chini ya kidole na kusuguliwa, zinaacha alama ambayo hakuna kitambaa wala dawa ya meno itakayoiondoa.

Mwaka 1812 mtaalamu wa madini wa Kijerumani, Friedrich Mohs, aliyapanga madini kumi kwa ugumu. Kanuni yake ni nyepesi: lenye namba ya juu hulikwaruza lenye namba ya chini. Talki ni 1, almasi ni 10. Ukucha wa mtu uko kwenye 2 na nusu, shaba 3, kisu kama 5 na nusu, na kioo cha dirisha kiko hapo hapo jirani na kisu. Kioo cha simu janja kimepanda kidogo, kiko kati ya 6 na 7. Kwatzi ni 7. Na mchanga mwingi unaokanyagwa duniani, ukiwamo ule wa njia ya Masasi kwenda Newala, ni kwatzi.

Yuko Mmarekani mmoja, Zack Nelson, mwenye chaneli ya JerryRigEverything huko YouTube, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akinunua simu mpya na kuzikwaruza mbele ya kamera kwa vijiti vyenye ncha za ugumu tofauti. Simu zimebadilika majina, bei zimepanda, matangazo yamezidi kupambwa, lakini kwenye meza yake matokeo hayajasogea sana: kioo huanza kukwaruzika kwenye namba 6, na kwenye 7 mistari inazama. Kwa maneno mengine, simu ya milioni mbili na simu ya laki mbili zikifika Lupaso mwezi wa Agosti, vumbi haliulizi bei.

Lupaso, kijiji alikozaliwa Rais wa zamani wa Tanzania, Benjamin Mkapa, tarehe 12 Novemba 1938 na alikozikwa tarehe 29 Julai 2020, kiko Wilaya ya Masasi, kati ya nchi mbili za mawe. Upande wa Masasi mjini kuna vile vilima vya mwamba mtupu, Mkomaindo na wenzake, vilivyosimama peke yao kwenye tambarare kama vimewekwa na mtu. Ni miamba ya zamani sana, jamii ya matale, na kwatzi ni sehemu ya umbile lake. Upande wa pili ardhi inapanda hadi Uwanda wa Makonde, ambako Newala imekaa ukingoni ikitazama bonde la Ruvuma. Anayesimama hapo Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, huona jinsi uwanda unavyokatika ghafla. Uwanda huo umejengwa kwa mawe ya mchanga ya zama zile zile za dinosaria, yaliyomomonyoka juu na kuacha tabaka nene la udongo wa kichanga, mwekundu. Wekundu ni kutu ya chuma iliyoipaka chembe kwa nje. Ndani yake chembe ni kwatzi.

Kwa hiyo aendaye Masasi na aendaye Newala wote wanapita katikati ya kitu kigumu kuliko kioo walichobeba mfukoni. Kuanzia Juni mvua zimekwisha, nyasi zimekauka, na kila bodaboda inainua wingu lake. Barabara kuu ya Mtwara, Newala na Masasi imekuwa ikiwekewa lami kwa vipande, na lami inasaidia, lakini shamba la mikorosho halifikiwi kwa lami. Juu ya uwanda maji nayo ni ya shida. Visima vifupi havipati kitu, maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Mtu aliyenunua ndoo ya maji hawezi kuambiwa aoshe mikono kila anaposhika simu. Ushauri wowote kuhusu simu usiolijua hilo umeandikwa kwa ajili ya watu wengine.

Huu si ugeni wa kwanza wa kioo cha picha katika nchi hii. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa havijapoa, Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya habari za wenyeji, na wapagazi wake walibeba mabamba ya kioo ya kupigia picha. Mabamba hayo yaliishi ndani ya masanduku na kutolewa kwa dakika chache, kisha yakarudishwa gizani. Sisi tumekitoa kioo kwenye sanduku na kukipapasa kwa vidole vyenye vumbi kuanzia alfajiri hadi usiku.

Ilikuwaje basi simu ikapewa kioo mbele, badala ya plastiki isiyovunjika? Kisa kinachosimuliwa ni cha Steve Jobs. Januari 2007 alionyesha iPhone ya kwanza, na wiki chache kabla haijaingia madukani alikuwa akitembea na ya majaribio mfukoni, yenye uso wa plastiki. Plastiki ikakwaruzwa na funguo zake. Hapo funguo zilikuwa na hatia kweli, kwa sababu plastiki ni laini mno, na nadhani lawama tunazozibebesha funguo hadi leo zilianzia zama hizo za plastiki. Jobs akataka kioo. Akazungumza na Wendell Weeks, mkuu wa kampuni ya Corning ya jimbo la New York, ambayo katika miaka ya 1960 ilikuwa imebuni kioo kigumu kiitwacho Chemcor kisha ikakosa soko la maana la kukiuzia. Kiwanda chao cha Harrodsburg, Kentucky, kikageuzwa kutengeneza kioo cha simu, na simu ikaingia sokoni tarehe 29 Juni 2007 ikiwa na uso tunaoujua leo. Kioo hicho ndicho kilichokuja kuitwa Gorilla Glass.

Siri yake imo katika kuchovya. Kioo kilichokwisha kukatwa hutumbukizwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 400 hivi. Humo ndani chembe za sodiamu zilizoko usoni mwa kioo hutoka, na nafasi zao huchukuliwa na chembe za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi. Ni kama benchi la watu watatu wembamba kukaliwa na watatu wanene: hakuna anayeanguka kwa sababu kila mmoja amembana mwenzake. Uso wa kioo unabaki katika mbano wa kudumu. Ufa ukitaka kufunguka, kwanza ushindane na mbano huo. Ndiyo maana kipande chembamba kisichofika milimita moja kinaweza kupinda na kurudi kwa kiasi ambacho kioo cha dirisha hakiwezi.

Lakini mbano huo ni wa ngozi tu. Katika vioo vya mwanzo vya aina hii kina chake kilikuwa kama mikroni 40, pungufu ya unene wa unywele mmoja. Chini ya hapo kioo ni kioo cha kawaida, tena kiko katika hali ya kuvutwa ili kulipia mbano ulioko juu. Hapo ndipo mchanga unapoingia katika hesabu, na hapo ndipo watu wengi, pamoja na wauzaji wa simu, wanapochanganya mambo mawili: kukwaruzika na kupasuka. Wanayaona kama magonjwa mawili. Mkwaruzo ni aibu ya sura tu, ufa ndio ajali. Basi tuogope ajali. Mimi nasema mkwaruzo ni mwanzo wa ajali, na simu nyingi zilizopasuka kwenye mawe ya Masasi zilianza kupasuka miezi kadhaa kabla, kwenye mchanga wa Newala, bila kishindo chochote.

Aliyeionyesha dunia jambo hili ni mhandisi Mwingereza, Alan Arnold Griffith, aliyekuwa akifanya utafiti wa ndege huko Farnborough. Alishangazwa na hesabu isiyokubali: ukikadiria nguvu za kuunganisha chembe za kioo, kioo kingepaswa kuwa imara mara nyingi kuliko kilivyo. Katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1921 alieleza kwamba udhaifu unatokana na nyufa ndogo mno zilizokwisha kuwapo juu ya kioo. Kioo kinapokazwa au kupindwa, nguvu yote hukusanyika kwenye ncha ya ufa, na ncha hiyo ikishindwa, ufa unakimbia.

Huna haja ya kwenda Farnborough kuliona hili. Nenda kwa fundi vioo wa madirisha pale Masasi mjini. Hakati kioo kwa msumeno. Anaweka rula, anapitisha kikatio chenye kigurudumu kigumu mara moja, unasikia sauti ya mkwaruzo, kisha analaza kioo ukingoni mwa meza na kukibonyeza. Kinaachana pale pale kwenye mstari. Mstari wenyewe haukuwa na kina cha kutisha. Ulitosha kukiambia kioo pa kuanzia. Chembe ya kwatzi iliyosuguliwa mfukoni inafanya kazi ile ile ya kikatio, isipokuwa haifuati rula.

Corning wenyewe wanaujua mchanga. Kabla ya kutoa Gorilla Glass 4 mwaka 2014 walichunguza simu nyingi zilizovunjika mikononi mwa watu, na wakaona kwamba kisababishi kikubwa ni kugusana na kitu chenye ncha, si kishindo cha kuanguka peke yake. Wakatunga jaribio: simu inaangushwa kifudifudi kutoka mita moja juu ya msasa. Hapo awali majaribio mengi ya kuangusha yalifanywa juu ya sakafu laini, ambako kioo hupona. Msasa uliwekwa kuwakilisha lami na zege. Mtu wa Lupaso angewaambia bure.

Tangu hapo vioo vimeimarika sana katika kuanguka. Gorilla Glass Victus ya mwaka 2020, Victus 2 ya mwaka 2022, na kioo cha Ceramic Shield ambacho Apple ilianza kukiweka kwenye iPhone 12 mwaka 2020, vyote vinavumilia maporomoko ambayo simu ya mwaka 2010 isingeyavumilia. Katika kukwaruzika maendeleo ni ya kobe. Mtengenezaji wa vioo vya simu anafanya biashara ya kubadilishana: akizidisha ugumu, kioo kinakuwa chepesi kuvunjika, akikipa ustahimilivu wa kuanguka, hakipandi kwenye ngazi ya Mohs. Hajapatikana bado anayeuza vyote viwili kwa bei ya watu.

Wako waliojaribu. Magharibi ya Masasi, ukifuata barabara ya Songea, iko Tunduru, ambako katika miaka ya 1990 watu walimiminika kutafuta vito, yakuti zikiwa miongoni mwake. Yakuti ni 9 katika ngazi ya Mohs. Kwatzi haiigusi. Yakuti ya viwandani, inayokuzwa kwenye tanuri na isiyo na rangi, hutumika kwenye vioo vya saa za gharama na kufunika lenzi za kamera za baadhi ya simu. Mwaka 2013 Apple na kampuni ya GT Advanced Technologies walikubaliana kuzalisha yakuti kwa wingi huko Mesa, Arizona. Mategemeo yalikuwa makubwa. Oktoba 2014 GT ikatangaza kufilisika. Yakuti ni ghali kuikuza, inachosha kuikata, na ikianguka vibaya inapasuka. Kwa hiyo uso wa simu umebaki kioo, na kioo kimebaki chini ya mchanga.

Kinachobaki ni protekta, na hapa lazima tuzungumze kuhusu 9H. Karibu kila paketi ya protekta ya kioo imeandikwa 9H kwa herufi kubwa, na fundi atakwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba hiyo ni ngumu karibu na almasi. Siyo. Hiyo 9H haitoki kwa Mohs. Inatoka kwenye jaribio la penseli, lililotungwa kwa ajili ya kupima rangi na vanishi: penseli za ugumu mbalimbali huburutwa juu ya kitu, na 9H ni penseli ngumu kuliko zote katika mpangilio ule. Penseli ni madini ya kinywe yaliyochanganywa na udongo. Kinywe, ambacho kinapatikana hapo jirani Ruangwa, hakifiki hata 2 kwa Mohs, huchafua vidole kwa kukigusa tu. Protekta ya 9H maana yake ni protekta isiyokwaruzwa na penseli. Kwatzi haijatajwa popote kwenye paketi.

Hata hivyo nunua. Faida ya protekta ni kwamba inakwaruzwa yenyewe. Mikwaruzo yote ile ya Griffith inaandikwa juu ya kipande cha elfu chache, na siku kikijaa alama unakibandua na kukitupa, ukakuta kioo cha simu chini yake kingali na ngozi yake nzima. Ndiyo sababu sielewi uchumi wa mtu anayeishi na protekta yenye nyufa mwaka mzima kwa kuwa bado inaonyesha. Protekta iliyochoka ibanduliwe. Ya kioo naiona bora kuliko ya plastiki nyembamba kwa simu zenye uso bapa, maana chembe za mchanga huzama kwenye plastiki na kukaa humo. Kwa simu zenye kingo zilizopinda, plastiki au ile ya jeli ndiyo inayokubali kukaa. Za kioo huachia pembeni na kukaribisha vumbi.

Kuiweka ni kazi ya asubuhi. Mafundi wengi hubandika protekta kwenye kibanda kinachotazama stendi, saa sita mchana, upepo ukivuma, kisha kunabaki vipovu ambavyo katikati ya kila kimoja kuna chembe. Chembe hiyo sasa imefungiwa, na kila ukibonyeza hapo unaisukuma kwenye kioo halisi. Kama una namna, omba akubandikie mapema, ndani, sakafu ikiwa imenyunyiziwa maji kama unyunyizavyo uwanja kabla ya kufagia. Maji hulaza vumbi chini. Ni kikombe kimoja tu.

Kava nalo lina mambo yake. Kava zuri lina ukingo uliopanda kidogo kuzidi kioo, ili simu ikilazwa kifudifudi kwenye kaunta ya wakala, kioo kisiguse kaunta. Huko kwa wakala ndiko mikwaruzo mingi inakozaliwa: mteja anaisukuma simu mezani, wakala anaisoma namba, anairudisha kwa kuiburuta, na juu ya meza kuna mchanga wa viatu, wa magunia, wa upepo. Inyanyue, mpe mkononi. Makava yenye mfuniko, yale yanayofungwa kama kitabu, siyapendi kwa nchi ya vumbi. Mchanga ukiingia kati ya mfuniko na kioo, kila unapofunga unasaga. Na kava la aina yoyote livuliwe mara kwa mara na kupanguswa ndani. Wengi hushangaa kukuta mgongo wa simu umekwanguka wakati kava halijawahi kutoka, bila kujua kuwa kava ndilo lililoushikilia mchanga.

Pindo la kanga, ambalo vijana wa mjini hulicheka, ni mahali pazuri kuliko mfuko wa suruali. Pamba haikwaruzi kioo, na fundo la kanga linabeba simu na noti, basi. Halibebi simu, funguo, sarafu, kokoto na mabaki ya karanga. Sharti ni kanga isiwe imetandikwa chini muda mfupi uliopita. Mfuko wa shati pia si mbaya, isipokuwa kwa anayeinama kuokota korosho.

Kufuta ndiko kunakoharibu zaidi, kwa sababu hufanywa kwa huruma. Simu imepata vumbi, mwenyewe anaisugua kwenye paja la suruali, kwa nguvu, kwa duara, mpaka ing'ae. Amekwisha kuipiga msasa. Kwanza ipulize au igonge taratibu kiganjani, uso ukiwa umeinama, chembe zianguke. Kisha kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa, kipitishwe upande mmoja bila kukandamiza. Matone machache ya maji yanatosha, hata Newala. Usitumie mafuta ya taa, wala jivu. Jivu lina chembe ngumu ndani yake, na mafuta ya taa hula gundi na ule utando mwembamba unaofanya kidole kiteleze na alama za jasho zisishike. Utando huo huisha wenyewe kwa matumizi. Kuuongezea mafuta ya taa ni kuuaga mapema. Dawa ya meno nayo, ambayo watu huipaka wakiamini itafuta mikwaruzo, haina nguvu ya kusawazisha kioo kilichobanwa, ila ina nguvu ya kutosha kuondoa utando.

Kuna kazi mbili za nchi hii zinazohitaji neno lake. Moja ni uchongaji. Vumbi la mpingo halidhuru kioo, mti ni mti, lakini mchongaji humalizia kinyago kwa msasa, na chembe za msasa wa viwandani ni ngumu kuliko kwatzi, zinafika 9. Simu iliyowekwa juu ya benchi la mchongaji inapata katika alasiri moja kile ambacho ya mkulima inakipata kwa msimu. Itundikwe ukutani ndani ya mfuko. Nyingine ni kupulizia mikorosho. Salfa ya unga, inayopulizwa kuzuia ubwiriunga, ni laini kama ukucha na haitakwaruza kitu. Ubaya wake uko kwingine: huingia kwenye tundu la chaji, na ikikutana na unyevu hushambulia shaba na fedha zilizoko kwenye viunganishi, vikawa vyeusi, simu ikaanza kuchagua waya. Fundi husema chaji imelegea. Mara nyingine imeliwa. Wabanguaji wao wana yale mafuta ya ganda la korosho, yanayobabua ngozi. Kwenye simu yananata, na kinachonata hukusanya mchanga.

Kioo kikipasuka pamoja na yote haya, swali la kwanza la fundi ni kama tachi inafanya kazi. Simu za sasa zimegandishwa kwa gundi moja: kioo cha mbele, tabaka linalohisi kidole, na skrini yenyewe inayotoa picha. Kitaalamu inawezekana kukiondoa kioo peke yake kwa mashine ya joto na uzi mwembamba, kisha kubandika kipya. Katika miji midogo fundi hubadilisha kipande kizima, na gharama inaweza kukaribia nusu ya simu, kisha atauliza unataka OG, yaani halisi, au ya kawaida. Kama tachi bado iko hai, na fedha ya korosho haijaingia, selotepu pana iliyobandikwa juu ya nyufa si ushamba. Inazuia vipande kuingia kidoleni na unyevu kuingia ndani. Ila nyufa zitaendelea kutembea, joto la mchana na baridi ya usiku wa Newala vikizisukuma, kwa hiyo hamisha picha na majina wakati tachi ingali inaitika.

Wakulima wengi wa huku wamekwisha kufanya uamuzi ambao watengenezaji wa vioo hawautangazi: simu janja inakaa nyumbani, shambani kinakwenda kitochi. Nokia 1100 ilipotoka mwaka 2003, Mkapa akiwa bado Ikulu, ilikuwa na tochi juu na mabatani yaliyofunikwa kwa mpira usiopitisha vumbi, na zaidi ya milioni 250 ziliuzwa duniani. Uso wake ni wa plastiki, unakwaruzwa na chochote, na hakuna anayejali kwa sababu hakuna anayeugusa. Vitochi vya leo vinafuata mtindo ule ule. Hela za kwenye laini zinafunguka kwa mabatani, bila intaneti, kwa menyu ya nyota na reli, ujumbe wa malipo ya mnada unaingia, na kikianguka kwenye jiwe unakiokota, unarudisha betri na mfuniko, unaendelea.

Ugumu uko kwenye laini. Ya simu janja imekatwa kuwa ndogo kabisa, na ikitiwa kwenye kitochi chenye nafasi kubwa inacheza, simu inasema hakuna laini, na wengine huishindilia kwa karatasi mpaka inakwama humo. Kile kifremu cha plastiki kinachoifanya laini ndogo itoshe kwenye nafasi kubwa huja na kadi mpya, na watu hukitupa siku ile ile. Kiwekwe. Kikipotea, mafundi wa stendi ya Masasi huwa navyo kwenye kopo la skrubu, na kwa kawaida hawakutozi kitu ukiwa umenunua na protekta.